Safari ya Machu Picchu: Wakati Gani, Njia Gani?

Katika somo la Jiografia nilipewa kazi ya kupanga safari ya Machu Picchu, magofu ya mji wa Wainka katika milima ya Andes, nchi ya Peru. Mji huo ulijengwa katika karne ya 15, nao uko meta 2,430 hivi juu ya usawa wa bahari. Maswali ni mawili.

Kwanza, wakati. Huko mvua hunyesha tangu Novemba mpaka Machi, na Januari na Februari huzidi. Mwezi wa Januari 2010 mafuriko yalikata reli, na wageni maelfu wakakwama bondeni mpaka wakatolewa kwa helikopta. Njia ya miguu hufungwa kila Februari. Kiangazi ni Mei mpaka Septemba, lakini tangu Juni mpaka Agosti watu husongamana, na baridi ya usiku ni kali. Kwa hiyo nachagua Mei: mvua zimekwisha, majani yangali mabichi, na wageni hawajawa wengi.

Pili, njia. Ndege hutoka Lima, karibu na bahari, hata Cusco, meta 3,400 hivi. Hapo pana hatari. Hewa ni nyembamba. Mgeni huumwa kichwa na kutapika, na akijikaza kupanda zaidi aweza hata kufa. Lakini angalieni: magofu yako chini kuliko Cusco kwa meta 970 hivi! Basi msafiri asilale Cusco. Ashuke siku ile ile mpaka Ollantaytambo, meta 2,800 hivi, apumzike siku mbili.

Toka hapo reli hufuata mto Urubamba mpaka Aguas Calientes, na mabasi hupandisha watu mlimani. Njia ya miguu ya Wainka ni kilomita 43 hivi, mwendo wa siku nne, nayo hupita mahali palipozidi meta 4,200. Hiyo yamfaa mwenye nguvu aliyekwisha kuzoea hewa, tena mwenye kibali na kiongozi. Idadi ya wageni wa kila siku ina mpaka, hivyo yapasa kununua tikiti mapema.

Jibu langu basi ni hili: Mei, kwa Ollantaytambo, kisha reli. Nasi tutakaopanda Ruwenzori, kanuni ni ile ile: tazama mvua, tazama kimo, ndipo ufunge mzigo. Mwenda pole hajikwai.