Mkalamu: Jinsi ya Kupanda na Kutunza Ua Zuri Lenye Sumu

Mvua za masika zinapoanza, vichaka vya maeneo mengi ya Pwani hutoa ua jekundu lenye kingo za manjano. Petali zake sita hupinda kwenda juu kama ndimi za moto. Huo ni mkalamu, unaojulikana kwa jina la kisayansi kama Gloriosa superba. Ni mmea wa asili wa Afrika na Asia, na nchini Zimbabwe ndio ua la taifa.

Mkazi anayetaka kuupanda nyumbani anapaswa kujua mambo mawili kabla ya kushika jembe. Kwanza, mmea huu hulala kila mwaka. Pili, sehemu zake zote zina sumu, hasa kiazi na mbegu. Mambo haya yanakwenda pamoja: mmea unapolala, kiazi hicho hubaki ardhini bila alama yoyote juu yake.

Kupanda

Mkalamu hupandwa kwa mbegu au kwa kiazi. Mbegu huhitaji subira, kwani zinaweza kuchukua hadi miezi 3 kuota, na miaka 2 hadi 4 kabla ya kutoa ua la kwanza. Kiazi hutoa maua mapema zaidi. Kitafute kwa jirani au kwa muuza miche. Usichimbe katika misitu ya kaya wala hifadhi nyingine za misitu.

Kiazi cha mkalamu ni chembamba kama kidole, na mara nyingi huwa na umbo la herufi V. Chipukizi hutokea kwenye ncha tu. Ncha hiyo ikivunjika, kipande hicho hakitaota, hivyo kishike kwa uangalifu na uvae glavu.

Chagua mahali penye jua na pasipotuama maji. Changanya udongo na mchanga na mboji iliyooza vizuri. Laza kiazi kwenye shimo la kina cha sentimita 5 hadi 10, ukiacha nafasi ya sentimita 30 kati ya kiazi na kiazi.

Kutunza

Mkalamu hutambaa kwa majani yake, ambayo ncha zake hujikunja na kushika chochote kilicho karibu. Simika fito au wavu wa kimo cha mita 2 mapema, kabla shina halijaanza kulala chini. Mwagilia udongo unapokauka. Maji yakizidi, kiazi huoza.

Mmea unapolala

Baada ya kuchanua na kutoa mbegu, majani hugeuka manjano na shina hukauka. Wengi hudhani mmea umekufa, wakaung'oa au wakazidisha maji. La hasha. Chini ya udongo umeshaunda viazi vipya vya msimu ujao. Punguza maji, kata shina likishakauka kabisa, kisha usubiri mvua.

Hapo ndipo mambo yanaweza kuharibika. Mtu asiyejua anaweza kulima mahali hapo ili apande muhogo, akafukua kiazi na kukidhania chakula. Simika kigingi au zungushia mawe mahali ulipopanda, na uwaeleze wote wa nyumbani, pamoja na vibarua. Usipande mkalamu karibu na viazi vikuu, viazi vitamu au muhogo. Kwenye watoto wadogo au mbuzi wanaozurura, ni heri usiupande kabisa.

Mtu akiula

Sumu ya mkalamu huitwa kolkisini. Kwa kipimo kidogo sana hutumika hospitalini kutibu jongo, ikizidi, huua. Kuikadiria nyumbani haiwezekani, hivyo mmea huu usitumiwe kama dawa ya kienyeji.

Dalili huanza baada ya saa chache: kuungua kooni, kutapika, maumivu ya tumbo na kuhara. Usisubiri dalili. Mpeleke mgonjwa hospitalini mara moja, usimlazimishe kutapika, na ubebe kipande cha mmea ndani ya mfuko ili wahudumu wautambue. Madhara kwa moyo, figo na damu hujitokeza baadaye, kwa hiyo asibaki nyumbani kwa sababu tu ameacha kutapika.

Kwa ushauri zaidi kuhusu upanzi, wakazi wanaweza kumwona afisa wa kilimo wa wadi yao.