Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 15: Rafiki Aliyeondoka na Unga



Ndugu zangu, tupo katika kumi la maghfira. Leo tuzungumzie msiba ambao wengi wetu tunaulia kimyakimya: rafiki uliyesoma naye madrasa, au mwenzako wa kazini, aliyefariki kwa unga. Akifa mtu kwa ajali, matanga hujaa. Akifa teja, utasikia, "Afadhali, mama yake kapumzika." Nawe uliyekula naye sahani moja unaona haya hata kutoa chozi.

Lia, ndugu yangu. Mtume (s.a.w.) alimlilia mwanawe Ibrahim, na akatufundisha kwamba machozi ni rehema. Kilichokatazwa ni mayowe, kuchana nguo na kumlaumu Mola.

*Je, inafaa kumuombea?*
Ndiyo. Muislamu mwenye dhambi kubwa bado ni Muislamu, maadamu hakuihalalisha haramu. Anaoshwa, anakafiniwa, anaswaliwa. Wala usikimbilie kusema kajiua. Wengi waliozidisha kipimo walikuwa wanaikimbia arosto, hawakuwa wanayatafuta mauti. Nia yake anaijua Allah.

Imam Bukhari amepokea kisa cha sahaba aliyekuwa akimchekesha Mtume (s.a.w.), lakini pombe ilimshinda. Aliadhibiwa zaidi ya mara moja. Siku moja mtu akamlaani, Mtume akamkataza, akashuhudia kwamba yule bwana anampenda Allah na Mtume wake. Angalia hapo: adhabu ilikuwepo, pombe ikabaki haramu, lakini mlango wa mapenzi haukufungwa. Basi sisi tunapata wapi ruhusa ya kumsema vibaya maiti wetu?

*Umfanyie nini sasa?*
1. Muombee maghfira, hasa wakati wa kufuturu na kwenye sijda.
2. Ulizia madeni yake. Ukiweza kulipa hata kidogo, lipa.
3. Toa sadaka kwa niaba yake.
4. Nenda kwa mama yake. Mtaje mwanawe kwa jina na kwa wema wake, maana pengine hakuna mwingine anayemtaja hivyo.

Na wale walio hai bado? Jambo hili tulijue wote: mtu akiacha unga kwa wiki kadhaa, awe jela, soba hausi, au kwa kuheshimu mwezi huu, mwili wake unapoteza ule uzoefu. Akirudia kipimo chake cha zamani, kinaweza kumuua siku hiyohiyo. Kwa hiyo baada ya Idd tusiwaache peke yao. Ukimkuta mtu hazinduki, pumzi inakatika na midomo imebadilika rangi, mlaze ubavu, mkimbize hospitali. Usiseme, "Mwache, kalewa tu."

Tiba ipo. Kliniki ya methadoni ilianza Muhimbili mwaka 2011, kisha zikafuata Mwananyamala na Temeke. Kutafuta tiba ni katika kuchukua sababu, si udhaifu wa imani. Msindikize mwenzako, usimpe maelekezo tu.

*Zoezi la leo:* kabla ya taraweh, mtaje rafiki mmoja kwenye dua yako. Kisha mpigie simu mmoja aliye hai ambaye watu wameshamkatia tamaa.

Ewe Mola, waghufirie ndugu zetu waliotangulia, wape subira wazazi wao, na uwatoe kwenye kifungo hiki waliobaki. Amin.

Mfikishie na mwenzako. Ramadhan Karim.