Ukialikwa Luhwindja: siku mbili kwa marafiki, nyumba juu ya mto

Rafiki uliyefanya naye kazi Bukavu anakuita kwao Luhwindja, mashariki mwa Kongo: njoo Ijumaa, ulale, uondoke Jumapili, nyumba yao iko mlimani juu ya mto. Wewe unaishi Kigoma, Nairobi au Bujumbura. Kabla ya kufungasha chochote, ulizia njia. Waasi wa M23 waliingia Bukavu Februari 2025, na tangu hapo mapigano yamefika hadi milima ya Walungu na Mwenga. Usimuulize mwenyeji kama kuna usalama, maana mtu mkarimu huona haya kumzuia mgeni. Muulize yanayojibika: wiki hii nani amepita barabara ya Walungu? Soko limefanyika? Watoto wanakwenda shule? Akisitasita, ahirisha safari wala usimbembeleze. Ukikwama huko, yeye ndiye atakayehangaika kutafuta pa kukuficha.

Njia ikiwa nzuri, chukua pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa Kongo huidai. Noti za dola ziwe safi. Iliyochanika hata kidogo au ya toleo la zamani itakataliwa dukani. Ukitoka Kenya au Tanzania, rudisha saa nyuma kwa saa moja, na ukumbuke kwamba magari ya huku hupita upande wa kulia. Lala Bukavu, kisha uondoke alfajiri. Ramani itakudanganya: umbali ni mfupi, lakini barabara hupanda na kushuka, na mvua ikinyesha gari hukaa matopeni hadi vijana walisukume. Mvua hizo huanza Septemba zikaendelea hadi Mei, kwa hiyo anayeweza kuchagua aje kati ya Juni na Agosti. Chukua sweta nzito hata hivyo. Watu wa pwani husikia neno Kongo wakawaza joto la msituni, halafu wanatetemeka usiku kucha kwa baridi ya milima ya eneo hili la Bushi.

Zawadi inunue Bukavu. Sukari, chumvi, sabuni, mafuta ya kupikia na sambaza waliokaushwa vitatumika siku hiyohiyo. Kwa mama wa nyumba, kikwembe kizuri. Mkabidhi yeye mwenyewe, kwa mikono miwili, wala usiviweke mezani ukanyamaza. Wazee waite Papa na Mama, hata kama rafiki yako huwataja kwa majina. Jifunze maneno mawili ya Mashi: asinge ya kusalimia, na koko ya kushukuru. Utayatumia kutwa nzima, na kila ukiyatamka nyuso zitafunguka.

Ukifika, mwombe mwenyeji akupeleke kwa mkuu wa kijiji kabla ya kupumzika. Luhwindja ni eneo la kichifu lenye mwami wake, na mgeni wa kutoka nje ya nchi huonekana tangu bondeni. Mkuu akijulishwa mapema, hakuna atakayekuja usiku kumhoji rafiki yako.

Sasa mto wenyewe, ambao ndio uliokuvuta. Maji ya milima hii huteremka hadi Ulindi, mto unaopita Shabunda na kuingia Lualaba. Hii pia ni nchi ya dhahabu. Mgodi wa Twangiza, uliojengwa na kampuni ya Banro, ulianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2012, na familia zilizohamishwa kuupisha zikapelekwa Cinjira. Wachimbaji wadogo nao huosha mchanga mitoni, na katika uchimbaji wa namna hiyo zebaki hutumika sana. Kwa hiyo usiyanywe maji ya mto hata yakiwa meupe kama kioo, na usijitose kuogelea kwa kuwa tu umeona watoto wamo. Muulize mwenyeji: kijito kipi, sehemu gani, na juu yake kuna nini? Kamera iache ndani unapokaribia mgodi, daraja au askari. Mazungumzo kuhusu dhahabu na ardhi waachie wanaotaka kuyaanza wenyewe, wewe usikilize. Kuna nyumba ambamo jambo hilo ni mshahara, na ya jirani ambamo ni shamba lililopotea, na wewe hujui umekaa katika ipi.

Maji ya kunywa na kuoga hutoka chemchemi, na hapa ndipo mgeni hulemea nyumba bila kujua. Mama au binti ameyabeba mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, akipanda mteremko ambao wewe ulipumzika mara tatu ukiupanda mikono mitupu. Ndoo moja ukiigawa vizuri inakutosha kuoga. Usifue nguo; utazifua kwako. Asubuhi chukua bidoni, ufuatane na watoto chemchemini. Watakuambia uache, wewe endelea kwa upole. Si lazima usubiri siku ya tatu upewe jembe. Kuni nazo hubebwa vilevile, basi usiombe maji moto mara mbili kwa siku.

Mezani kutakuwa na bugali, sombe, maharagwe, pengine mashanza, yaani maziwa yaliyoganda, chakula wanachokithamini sana watu wa Bushi. Onja kila kitu. Wakikuletea kasiksi na hunywi pombe, sema tangu mwanzo, usiiache ikidoda kikombeni. Na wakichinja kuku, usiseme mmejisumbua bure. Kula, sifu, usimalize nyama yote kwenye bakuli, kwa sababu watoto wanasubiri zamu yao.

Jumapili nenda nao kanisani, hata kama dini yako ni nyingine, ila kama una sababu nzito. Majirani watataka kumwona mgeni wa rafiki yao. Wakati wa kuaga utapewa maharagwe, ndizi, labda kuku hai. Kukataa ni kuwavunja moyo. Pokea, kisha waeleze kweli kwamba kuku huyo utamwachia ndugu yao aliye Bukavu kwa sababu ya mpaka. Maharagwe yafungwe kwenye kitambaa au kikapu: ukipitia Rwanda, mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2008, na watakunyang'anya pale mpakani Ruzizi. Ukishavuka, piga simu usiku huohuo.