Somo la Saba: Kununua Nyumba Ambayo Bado Haijatangazwa

Katika miji yetu, nyumba nyingi huuzwa bila tangazo lolote. Haziandikwi gazetini, haziwekewi kibao getini, wala hazionekani mtandaoni. Mwenye nyumba humnong'oneza jirani, jirani humwambia fundi, fundi humpigia simu dalali, na kabla ya mwezi kwisha mnunuzi amekwisha kupatikana. Ndiyo maana anayekaa kusubiri tangazo huweza kupitwa na nyumba ambayo ingemfaa sana, tena iliyo mtaa wa pili kutoka kwake.

Somo hili linaeleza mambo mawili: namna ya kuipata nyumba ya aina hiyo, na namna ya kuichunguza kabla ya kutoa fedha. Mambo hayo hayatenganishwi. Tangazo la wazi lina faida ambayo wanunuzi wengi hawaifikirii: huwapa watu wengine nafasi ya kusema. Mke ambaye hakushirikishwa, mrithi aliyesahauliwa, benki inayodai na jirani mwenye mgogoro wa mpaka, wote huweza kujitokeza wanapolisikia. Nyumba isipotangazwa, watu hao hawapati habari, na kazi ya kuwatafuta inakuwa ya mnunuzi mwenyewe. Anayeitimiza kazi hiyo hunufaika na ukimya wa soko. Anayeiacha huweza kupoteza akiba ya miaka mingi kwa siku moja.

Maelezo yetu yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za ardhi, na mnunuzi wa huko anapaswa kuzifuata hizo.

SEHEMU YA KWANZA: KUITAFUTA NYUMBA

Chagua mtaa kabla ya nyumba. Anayetafuta mji mzima hasikii habari za mtaa wowote. Chagua mitaa miwili au mitatu unayoimudu, kisha itembelee asubuhi, jioni na hasa wakati wa mvua. Mvua ya masika itakuonyesha maji yanapopita, barabara inavyoharibika na nyumba zipi huzungushiwa viroba vya mchanga.

Waulize wanaokaa hapo. Mwenye duka, fundi bomba, mlinzi, mama lishe na mpangaji wa muda mrefu hujua nani anastaafu na kurudi kwao mkoani, na nani ameshindwa kumalizia ujenzi. Waeleze wazi kwamba unatafuta nyumba ya kununua, na uwaachie namba yako. Fanya hivyo pia kwa ndugu, wafanyakazi wenzako, na wenzako wa kikundi cha kuweka na kukopa au nyumba ya ibada.

Zitazame nyumba zenyewe. Nyumba iliyofungwa muda mrefu, au pagale lililoota majani, huenda lina mwenyewe ambaye angeuza kama angeulizwa kwa heshima. Mtafute kupitia majirani au ofisi ya serikali ya mtaa. Akikataa, mshukuru na umwombe akukumbuke siku akibadili nia.

Wajulishe wataalamu. Mawakili na wathamini huwa na wateja wanaotaka kuuza kimya kimya. Usiwaombe siri za wateja wao. Waombe tu wafikishe habari kwamba yupo mnunuzi aliye tayari.

Kumbuka pia nyumba zenye mkopo. Mwenye nyumba akishindwa kurejesha mkopo aliowekea rehani, benki haiendi mnadani siku hiyo hiyo. Sheria inaitaka kwanza impe taarifa ya siku 60, na mnada wenyewe hutanguliwa na tangazo la siku zisizopungua 14. Kabla ya kufika huko, mwenye nyumba huweza kuuza mwenyewe kwa idhini ya benki, na kwa kawaida hupata bei nzuri kuliko ya mnadani. Ukikutana na nyumba ya namna hiyo, zungumza na pande zote mbili pamoja. Sehemu ya fedha inayolipa deni iende benki moja kwa moja, na mkataba utaje kwamba benki itaondoa rehani na kuitoa hati.

Kuhusu madalali. Dalali mwaminifu hukuokolea muda, na anastahili malipo yake. Hata hivyo, kabla hajakuonyesha nyumba ya kwanza, kubalianeni kwa maandishi analipwa kiasi gani, na nani, na lini. Malipo yafuate kukamilika kwa mauzo. Jihadhari na cha juu, yaani kiasi ambacho dalali huongeza juu ya bei ya mwenye nyumba bila ninyi wawili kujua. Kinga yake ni kukutana na mwenye nyumba ana kwa ana na kuisikia bei kutoka kinywani mwake. Dalali anayekuzuia kukutana naye hadi utoe fedha, achana naye.

SEHEMU YA PILI: MASWALI MATANO KABLA YA KULIPA

Swali la kwanza: Nani mwenye nyumba? Omba nakala ya hati, kisha usiishie hapo, maana nakala huweza kughushiwa. Chukua namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu, ukaombe upekuzi rasmi katika ofisi ya Msajili wa Hati. Tangu mwaka 2020 kila mkoa wa Tanzania Bara una ofisi ya ardhi ya mkoa, hivyo huhitaji kusafiri mbali. Upekuzi utakuonyesha jina lililosajiliwa, na kama kuna rehani au zuio. Ada ya serikali hulipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na ofisi, si mkononi mwa mtu. Linganisha jina la kwenye daftari na kitambulisho cha muuzaji. Ikiwa nyumba ina leseni ya makazi tu, au kiwanja hakijapimwa, uliza katika ofisi ya ardhi ya halmashauri na upate jibu la maandishi.

Akiuza mtu kwa niaba ya ndugu aliye nje, kwa mfano Oman au Marekani, taka kuiona hati ya uwakili iliyosajiliwa, kisha zungumza na mwenye nyumba kwa simu ya video. Hati ya uwakili hukoma mwenye kuitoa anapofariki.

Swali la pili: Nani mwingine ana haki humo? Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja tu. Onana na mwenza huyo, na ridhaa yake iandikwe na kusainiwa mbele ya wakili. Kama mwenye nyumba amefariki, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Makubaliano ya kikao cha ukoo hayatoshi. Nenda katika mahakama iliyotajwa ukathibitishe barua ya uteuzi, na uwasikilize warithi. Waulize pia wapangaji mikataba yao inaisha lini.

Swali la tatu: Nyumba inadaiwa? Mbali na rehani, ulizia kodi ya ardhi, kodi ya majengo, maji na umeme. Taka kuona risiti za karibuni.

Swali la nne: Imesimama mahali halali? Wakazi wa Dar es Salaam wanaikumbuka bomoabomoa ya Bonde la Msimbazi mwishoni mwa mwaka 2015 na mwanzoni mwa 2016, na ile ya Kimara mwaka 2017 kando ya Barabara ya Morogoro. Tazama kuta kama zina alama ya X, au mahali palipopakwa rangi upya ili kuificha. Uliza halmashauri kama eneo limo katika hifadhi ya barabara, bonde au mpango wa mradi wowote. Kama kiwanja kimepimwa, mwombe mpima akuonyeshe mawe ya mpaka, majirani wakiwapo. Jirani akinyamaza kwa namna isiyo ya kawaida, rudi siku nyingine peke yako umsikilize.

Swali la tano: Bei ni ya haki? Nyumba isiyotangazwa haina bei za kulinganisha. Tafuta nyumba tatu zilizouzwa karibuni katika mtaa huo, ukaulize kiasi kilicholipwa, si kile kilichotajwa mwanzo. Mthamini aliyesajiliwa atakupa makadirio yenye msingi, na ripoti ya uthamini utaihitaji hata hivyo wakati wa uhamisho wa milki. Ongeza juu ya bei ushuru wa stempu, takriban asilimia 1, pamoja na ada za wakili na za usajili. Kodi ya ongezeko la mtaji ni jukumu la muuzaji. Mkataba useme hivyo wazi, kwa sababu isipolipwa uhamisho hukwama na anayeumia ni wewe.

SEHEMU YA TATU: MKATABA NA MALIPO

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka mkataba wa mauzo uwe wa maandishi. Tumia wakili wako mwenyewe, asiwe yule wa muuzaji. Saini ya mwenyekiti wa mtaa ni ushahidi kwamba mlikutana na kukubaliana. Haichukui nafasi ya uhamisho wa milki katika daftari la Msajili.

Kishika uchumba, kama wengi wanavyokiita, kiwe kidogo, na mkataba useme kinarudishwa upekuzi ukionyesha dosari. Lipa kupitia benki, katika akaunti yenye jina la mwenye nyumba. Malipo yagawanywe kufuata hatua: sehemu wakati wa kusaini, sehemu baada ya vibali, na sehemu ya mwisho pale hati inapotoka kwa jina lako.

MFANO

Huu ni mfano tuliouunda kwa ajili ya somo. Mwalimu mmoja na mumewe fundi seremala wamedunduliza miaka 12. Dalali anawaonyesha nyumba ya vyumba vitatu Tabata kwa shilingi milioni 85. Anawaambia, "Haijatangazwa, mwenyewe hataki kelele. Toeni milioni 10 leo, kesho kuna mtu anakuja." Muuzaji ni kijana mpole, na hati anayo mkononi.

Mume anataka kulipa. Mwalimu anaomba siku saba. Siku ya pili anapita kwa mama muuza mkaa wa jirani, na huyo anamwambia kwamba mzee mwenye nyumba alifariki mwaka uliopita, akaacha kijana huyo pamoja na binti wawili walioolewa Dodoma. Siku ya nne upekuzi unaonyesha jina la marehemu lingali katika daftari. Kijana hakuwa tapeli. Aliamini tu kwamba aliyebaki nyumbani ndiye mwenye kauli.

Wenzi hao hawakulipa kitu, lakini hawakukimbia pia. Walimwandikia kijana na dada zake kwamba wangenunua mara msimamizi wa mirathi atakapoteuliwa. Kesi ya mirathi ilichukua miezi mitano, na bei ikapanda hadi milioni 88. Walilipa milioni 3 zaidi. Kama wangetoa zile milioni 10 siku ya kwanza, wangekuwa wamempa mtu asiye na mamlaka ya kuuza, na dada wawili wangekuwa na haki ya kuwapinga mahakamani.

Tuseme mnunuzi mwingine angewatangulia. Wenzi hao wangeikosa nyumba, lakini akiba yao ya miaka 12 ingebaki salama, na kesho yake wangeanza kutafuta tena. Mnunuzi aliyekwisha kulipa mahali pasipostahili hana nafasi hiyo.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja watu watatu wa mtaa unaoupenda ambao unaweza kuwaeleza wiki hii kwamba unatafuta nyumba.
2. Muuzaji anasema mkewe yuko safarini na hahitajiki kusaini. Utamjibu nini?
3. Dalali anataka fedha kabla ya kukukutanisha na mwenye nyumba. Utafanya nini?
4. Katika mfano wetu, ni hatua zipi mbili zilizofichua ukweli? Zingechukua siku ngapi kwako?

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Muuzaji mwenye haki hatakasirika kuulizwa maswali haya matano, kwa kuwa majibu anayo. Ukiona maswali yako yanapokewa kwa hasira au kwa kuharakishwa, hesabu hilo kuwa jibu, na urudishe fedha zako mfukoni. Ukiwa na shaka yoyote, fika katika ofisi ya ardhi ya mkoa au ya halmashauri kabla ya kusaini. Baada ya kusaini, msaada unaoweza kupata hupungua, na gharama yake huongezeka.