Mteja hanisikii, mimi namsikia

*Ofisini tunapiga simu kupitia intaneti. Kila jioni tunapopakia mafaili kwenye hifadhi ya mtandaoni, wateja hulalamika sauti yangu inakatika, ilhali mimi nawasikia vizuri. Je, ninunue kifurushi kikubwa zaidi?*
*Msomaji, Morogoro*

Usinunue bado, ndugu msomaji. Wewe unawasikia, wao hawakusikii: hiyo ni dalili kwamba upande wa kupakia ndio uliojaa. Simu moja ya kodeki G.711 hula takriban kilobiti 90 tu kwa sekunde kila upande. Kinachoiumiza ni foleni, kwa sababu pakiti za sauti zinasubiri nyuma ya mafaili ndani ya modemu, na sauti ikichelewa zaidi ya milisekunde 150 kufika, watu huanza kukatizana.

Fungua mipangilio ya ruta, sehemu iliyoandikwa QoS. Kabla ya yote, na hapa ndipo wengi hukwama, weka kikomo cha kupakia kwenye asilimia 85 hadi 90 ya kasi unayoipima jioni. Bila kikomo hicho foleni itabaki kwenye modemu, ambako ruta haina amri. Kisha zipe kipaumbele pakiti zenye alama ya DSCP 46, ambayo simu nyingi za intaneti huiweka zenyewe.

Sauti ikikatika hata mafaili yakisimamishwa, wasiliana na mtoa huduma wako.