ISNADI YA PROGRAMU: SOMO LA AMANA KATIKA KOMPYUTA



Aliyesoma elimu ya Hadithi anajua kuwa habari haipokelewi mpaka ijulikane nani kaipokea kwa nani. Waandishi wa programu za kompyuta nao wamelazimika kuweka utaratibu unaokaribiana na huo, ingawa daraja za elimu hizi mbili si moja.

Tuchukue mfano wa Linux, programu ya msingi inayoendesha simu za Android. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, Finland. Ni programu huria: maandishi yake yako wazi, na yeyote anaweza kupendekeza marekebisho. Maelfu ya watu wasioonana wameiandika. Je, vipi huaminiana?

1. Daftari la mabadiliko
Mwaka 2005 Torvalds alitengeneza Git, programu ya kutunza kumbukumbu. Kila badiliko huandikwa pamoja na jina la aliyelifanya, tarehe na maelezo. Kisha hupewa alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo pamoja na alama ya badiliko lililotangulia. Mtu akigeuza herufi moja ya zamani, alama zote zinazofuata hazilingani tena.

2. Majina ya wapokezi
Tangu mwaka 2004, anayeleta rekebisho la Linux huweka jina lake kuthibitisha kuwa ana haki ya kulitoa. Kila msimamizi anayelipokea na kulipeleka mbele huongeza la kwake chini. Hiyo ndiyo isnadi yake.

3. Shina na matawi
Shina kuu hupokea mambo mapya kwa wiki mbili hivi. Kisha mlango hufungwa, husahihishwa makosa tu, na matoleo ya majaribio hutoka karibu kila wiki. Toleo kamili hutoka kila baada ya wiki 9 au 10.

Toleo hilo hukatiwa tawi lake. Humo hayaongezwi madoido. Huingizwa masahihisho tu, tena sharti yawe yamekwisha kukubaliwa katika shina kuu. Kwa nini? Kwa sababu tundu likizibwa tawini peke yake, toleo lijalo litachipuka shinani likiwa na tundu lilelile. Mtumiaji atadhani amepata jipya lililo bora, kumbe mwizi amerudishiwa mlango wake.

Mazingatio
Wanaotegemea tawi hilo hawamjui mwandishi wala hawawezi kumkagua. Siri za watu, fedha zao na kazi zao zimo mikononi mwake. Kwa hiyo kuandika jina lako chini ya kazi ni kukubali kuulizwa, hapa duniani na kesho mbele ya Mola wako.

Zoezi
1. Kwa nini alama ya badiliko huhusishwa na ya lililotangulia?
2. Eleza hatari ya kusahihisha tawi na kuliacha shina.
3. Taja kazi moja ya nyumbani au madrasa inayohitaji utaratibu huu.

Wabillahi tawfiq.