SOMO: BENDERA YETU NA MAANA YAKE



Somo hili limetoka katika swali la kijana wetu mmoja. Alisema: «Baba Shemasi, asubuhi shuleni tunasimama mbele ya bendera na kuimba. Je, huko si kusujudia sanamu?» Wenzake walicheka. Lakini swali si la kuchekwa, kwani wazazi wengine pia wanalo moyoni ila hawalisemi.

Mbele ya yote tujue bendera inasema nini. Niliwauliza ule mstari mwekundu ni kitu gani. Mmoja akajibu: «Ni barabara.» Hapana. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha kwanza, yasema bendera ni ya buluu ya mbingu, yenye nyota ya manjano juu kushoto, na mstari mwekundu unaoikata mshazari, uliopakana na manjano nyembamba. Buluu ni amani. Manjano ni utajiri wa nchi. Nyota ni maisha yanayong'aa ya siku zijazo. Nyekundu ni damu ya waliokufa kwa ajili ya nchi.

Kwenye nyekundu nasimama kidogo. Tunamkumbuka Patrice Lumumba, aliyeuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Lakini tangu vita vya 1996 na 1998, ni jamaa gani kwetu isiyo na mtu wa kumlilia, na pengine hata kaburi lake halijulikani? Tena tazameni: manjano imeishika nyekundu pande zote mbili. Sheria haikusema neno juu ya hilo, ni wazo langu tu. Lakini mtu wa Kivu au wa Ituri, anayejua habari za dhahabu na koltani, atanielewa.

Bendera hii si ya kwanza. Wakati wa Wabelgiji ilikuwa buluu na nyota moja katikati. Tarehe 30 Juni 1960 zikaongezwa nyota ndogo sita kando, kwa majimbo sita ya wakati ule. (Leo majimbo ni 26, zingejaa kitambaa chote!) Mwaka 1971 nchi ikaitwa Zaire, na bendera ikawa ya kijani, yenye mkono ulioshika mwenge. Sisi wa umri wangu ndiyo tuliyoisimamia shuleni. Mei 1997 ikashushwa, ikarudi ile ya 1960, mpaka 2006 tulipopata hii, inayofanana na ile iliyotumika kabla ya 1971.

Basi, kijana wangu, jibu ni hili. Mungu hakubadilika mwaka 1971, wala 1997, wala 2006. Kilichobadilika ni kitambaa. Bendera ni alama ya kukusanya watu, kama makabila ya Israeli walivyopiga kambi kila mtu penye bendera yake (Hesabu 2). Tunasimama wima, hatupigi magoti, hatuiombi mvua wala uzima. Lakini zamani ya Zaire tuliimba pia sifa za mtu aliye hai, tukicheza kwa ajili yake. Hilo lilikuwa jambo lingine, na wakubwa wetu wachache walilikataa moyoni.

Jumapili ijayo kila mtoto alete bendera aliyoichora. Mti wake uwe kushoto, na mstari mwekundu uanzie chini kushoto, upande juu kuume. Wengi wanaugeuza.